Nyoka wa Shaba na Koti la Deheni

Tangu nistaafu, vijana niliowaacha kiwandani wananijia nyumbani Mtambile mmoja mmoja. Wanauliza hali yangu, wanauliza hali ya mke wangu, wanakunywa chai yangu, kisha ndipo linapotoka suala la bomba lililoziba. Jibu lile lile nimelitoa mara nyingi, hata mke wangu sasa hulitoa jikoni kabla yangu. Basi naliandika, mlisome, na mkija tena mje kwa chai tu.

Sitaandika nilipanda cheo lini wala nilipewa nini mwisho wa mwezi. La kwanza halina mafunzo na la pili linatia huzuni. Nitaandika habari za miaka yangu ya mwanzo, mwishoni mwa miaka ya hamsini kuingia sitini, wakati kiwanda chetu kilikuwa banda moja la mabati kando ya hori la bahari. Na nitaandika kosa moja nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe, kwa bidii kubwa, bila kuagizwa na mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeoa mwaka uliotangulia, na nilikuwa najiona najua mambo. Siku ya kwanza nilikwenda kazini na shati jeupe lililopigwa pasi. Msimamizi wa mitambo alikuwa Mzee Khatibu, mtu mfupi, mkimya, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alinitazama kutoka kola mpaka vifungo.

"Shati hilo lina harusi leo?" akaniuliza.

"La, Mzee. Nimekuja nalo kazini."

"Basi livue ulitundike, lisije likafia kazini nasi tukakosa sanda ya kulizikia."

Nililivua. Sikulivaa tena mahali pale, na mpaka leo sijamwona mtu akiingia kwenye banda lile na nguo nyeupe akatoka nayo hivyo.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ilikuwa hivi. Karafuu inapochambuliwa, tumba huanikwa na vikonyo vyake huwekwa kando. Vikonyo hivyo, ambavyo sisi tunaviita makonyo, vina mafuta ndani. Tulikuwa na mapipa mawili makubwa ya chuma, la kushoto na la kulia. Tukiyajaza makonyo, tukiyafunga, tukipitisha mvuke kutoka kwenye boila. Mvuke ulipanda na mafuta, ukaingia kwenye bomba la shaba lililojizungusha mara nyingi ndani ya tangi la maji baridi. Bomba hilo tulikuwa tukiliita nyoka, na kila pipa lilikuwa na nyoka wake. Mvuke ukipita tumboni mwa nyoka ulipoa, ukageuka maji, na mafuta yakashuka pamoja na maji hayo mpaka kwenye chombo cha kupambanulia. Mafuta ya makonyo ni mazito, hukaa chini na maji hukaa juu. Wageni walikuwa hawaamini. Kila mgeni alichota juu, akapata maji matupu, akatuona wajinga, nasi tulimwacha aendelee.

Mzee Khatibu hakuwa na kipimajoto. Kilikuwepo kimoja ofisini, kimefungiwa kabatini kisivunjike, na kwa kuwa kilifungiwa hakikuvunjika wala hakikupima kitu. Yeye alitumia kiganja. Kila saa alipita akigusa mahali patatu: kichwa cha nyoka panapoingia mvuke, mdomo wa nyoka panapotoka mafuta, na bomba la juu la tangi panapomwagika maji yaliyokwisha kupoza.

"Nyoka kazi yake moja," aliniambia wiki ile ya kwanza. "Aupokonye mvuke moto wake, aupe maji. Maji yakitoka moto, na mafuta yakitoka baridi, nyoka kafanya kazi. Maji yakitoka baridi na mafuta yakatoka moto, nyoka kalala. Wanifahamu?"

"Nakufahamu, Mzee."

"Moto u ndani, maji ya nje, kati yao pana shaba tu. Weye kazi yako kuhakikisha hapana kitu chengine."

Niliitikia kwa kichwa. Nina kipaji cha kuitikia kwa kichwa, kimenisaidia katika mikutano mingi.

Kazi yangu, basi, ilikuwa kuwasugua nyoka. Maji ya kupozea yalikuwa ya bahari, yakivutwa kwa pampu maji yakijaa, na maji ya bahari hayaji peke yake. Yanakuja na tope, na utelezi, na vile vijigamba vinavyong'ang'ania mawe na mashua, na juu ya yote yanaitia shaba kutu ya kijani. Kila baada ya wiki mbili tulizima moto, tukamwaga maji, nami niliingia tangini na makumbi ya nazi, mchanga laini, na ndimu zilizooza za sokoni. Ndimu ndiyo dawa ya shaba. Ukiisugulia shaba ndimu na mchanga, inarudi kung'ara kama imetoka dukani jana. Mimi nilikuwa natoka mle nanuka achari, na mke wangu alikuwa akinilaza upande wa dirishani.

Niliichukia kazi ile. Naisema wazi kwa sababu nawajua wenzangu wanaoichukia leo na wanadhani wao ndio wa kwanza.

Mke wangu ni mtu wa Kisiwa Panza, na baba yake alikuwa fundi wa mashua. Siku moja nilikwenda kuwaamkia wakwe, nikamkuta mzee yuko chini ya mashua iliyopandishwa pwani, anaipaka deheni. Mnaijua: chokaa inayokandwa na shahamu mpaka ikawa kama ugali laini, kisha inapakwa tumbo lote la chombo kwa mikono. Ikikauka inakuwa ngumu, nyeupe, wala mdudu wa bahari haipendi. Nilimuuliza mkwe wangu mashua ile itakaa muda gani bila kuota magamba. Akaniambia miezi. Mimi nilikuwa nasugua kila wiki mbili.

Nilisimama pale nikaiangalia ile mashua, na nawaambieni kweli, nilijiona nina akili kuliko watu wote waliopata kuajiriwa katika kiwanda kile.

Nafasi ikaja wakati wa Maulidi. Kiwanda kilifungwa siku tatu. Mzee Khatibu alikwenda Makangale, kaskazini kabisa, kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yake. Mimi niliachiwa kazi ya kuwasugua nyoka wote wawili, tukirudi tuanze upya. Niliwasugua. Hilo nililifanya vizuri, sijapata kuwasugua vile. Kisha nikafungua debe la deheni nililopewa Panza, nikawapaka. Nilimpaka wa kushoto, nikampaka wa kulia. Nilipoona koti la kwanza limekaa vizuri nikaongeza la pili, kwa mapenzi tu. Nikaliacha likauke siku mbili, nikajaza maji ya bahari, na kwa kuwa maji yale yana tope, hapana aliyeweza kuona kitu.

Sikumwambia mtu. Nia yangu ilikuwa miezi ipite, tuyamwage maji mbele ya watu wote, wawaone nyoka hawana kutu wala gamba, na mimi nisimame kando kwa unyenyekevu.

Tulipowasha moto tena, Mzee Khatibu alizunguka na kiganja chake. Akagusa mdomo wa nyoka wa kushoto, akasita. Akaenda wa kulia, akasita tena.

"Pana joto hapa," akasema. "Nyoka umewasugua?"

"Nimewasugua, Mzee. Wallahi nimewasugua."

Ni kweli nilikuwa nimewasugua. Yeye alikuwa na heshima ya kumwamini mtu aliyeapa, basi akaona kosa liko motoni. Akamwambia Ali, mchochea kuni, apunguze moto. Ali alipunguza, mvuke ukapungua, na joto la mdomoni likapungua kidogo. Mafuta nayo yakapungua. Wiki ile ilipokwisha, tulichopata hakikufika theluthi mbili ya kawaida yetu.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Sefu. Huyu alikuwa meneja wetu, mtu wa Unguja, msafi, mwenye mwavuli. Alikuwa akicheka tunavyosema, nasi tulikuwa tukiucheka mwavuli. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa akipenda jambo liwe na sababu kabla ya chakula cha mchana. Akapiga hesabu yake: makonyo ni yale yale, mapipa ni yale yale, watu ni wale wale. Mafuta hayana miguu. Ghala lina mlango mmoja, mlango una ufunguo mmoja, na ufunguo uko kiunoni mwa Mzee Khatibu.

Alituita sote uwanjani, Jumamosi asubuhi.

"Mzee Khatibu, simtuhumu mtu," alisema. "Lakini naomba ufunguo mpaka ukweli ujulikane. Wiki ijayo siku kama ya leo wakubwa wanakuja kukagua. Nikiwa sina maelezo, itabidi uondoke, na barua yako itaeleza kwa nini."

Simtuhumu mtu, na huku mkono ameunyoosha. Mzee Khatibu aliufungua ufunguo kiunoni polepole, akaufuta kwa kanzu, akampa. Tangu hapo aliondolewa kwenye mitambo, akapelekwa uani kupepeta makonyo pamoja na vibarua wa msimu.

Sasa lazima niwaeleze jambo lililoniuma zaidi ya ufunguo. Kando ya banda letu palikuwa na kijimsikiti cha makuti, na Mzee Khatibu ndiye aliyekuwa akitusalisha adhuhuri na alasiri, miaka yote tangu kiwanda kianze. Bwana Sefu mwenyewe alikuwa akisimama nyuma yake. Siku ile ilipofika alasiri, tulijipanga, na mbele hapana mtu. Tukageuka. Mzee Khatibu alikuwa amesimama safu ya mwisho, pembeni, karibu na viatu.

"Mzee, twakungoja," Ali akamwambia.

"Salini," akajibu. "Miye siwezi kutangulia watu na jina langu lina doa. Likitoka doa nitarudi. Lisipotoka, nshazoea huku."

Akasukumwa mbele Ali. Ali alikuwa kijana mwema, lakini alikuwa anasalisha kama anavyotia kuni, na tulikuwa tukiinuka kutoka kwenye rukuu tukamkuta ameshasujudu. Hapana aliyecheka. Kufika Jumatatu habari imeshafika Mtambile, na kama kawaida ilikua njiani. Nilisikia kwa masikio yangu dukani kwamba Mzee Khatibu amejenga nyumba Makangale kwa mafuta ya makonyo. Mtu yule nyumba yake ilikuwa inavuja juu ya kitanda. Niliona uchungu mkubwa, nikarudi nyumbani nikamlaani mwizi wa mafuta, na mke wangu akaitika amina.

Jumatano akaja mkwe wangu. Bi Siti, mama wa mke wangu, alikuwa na desturi ya kuvuka kutoka Panza mara moja kwa wiki na vikapu vya ng'onda, kuwauzia wafanyakazi. Alikuwa anatundika samaki wake ukutani, nyuma ya banda, karibu na vile vyombo vya kupambanulia, kwa sababu pana kivuli. Siku ile alikaa muda mfupi tu, akaja akanisimamia mikono kiunoni.

"Mwanangu, mwafanya n'ni humu? Wiki ya pili hino samaki wangu wanuka karafuu. Watu wanirudishia. Wasema wajilia pilau lisilo wali."

Wenzangu wakacheka. "Bi Siti," Ali akamwambia, "Pemba nzima yanuka karafuu. Wataka inuke n'ni?"

"Nyinyi pua zenu zishakufa," Bi Siti akajibu. "Mmezaliwa ndani ya karafuu, mwalala juu ya karafuu, mwajuaje? Kwetu Panza hakuna nkarafuu hata mmoja. Miye nanusa. Na harufu haitoki kila mahala, yatoka pale." Akanyoosha kidole kwenye midomo ya nyoka wote wawili, panapotoka mafuta. "Pale panafuka. Zamani hapakuwa pakifuka."

Tulitazama. Kweli palikuwa pakifuka moshi mwembamba mweupe, unatoka mdomoni na kupotea chini ya bati. Tulikuwa tukiupita kila siku. Mvuke ulikuwa unatoka mbichi, haukupoa, na umebeba mafuta yetu unakwenda nayo angani, na watu wote wa kiwanda wamo ndani yake wanauvuta na hawausikii. Kwa hiyo mafuta hayakuibiwa. Lakini bado sikujua kwa nini, na nilikuwa nasita kujua.

Ilipofika adhuhuri nilikwenda kwenye hodhi kutawadha. Asubuhi ile mfereji wa mbao unaoleta maji kutoka pampu ulikuwa unavuja, nikauziba kwa deheni iliyosalia debeni. Nimenawa mikono, nimefika kwenye viwiko, mara nikasikia sauti pembeni yangu. Ilikuwa ya Mzee Khatibu, na vumbi la makonyo limemjaa kope.

"Kitu gani hicho mkononi?"

"Deheni, Mzee. Kidogo tu."

"Kidogo au kingi, kibandue. Udhu haukutimia. Maji yapita juu yake, ngozi hayaigusi."

Nilikuwa nimejua hukumu hiyo tangu chuo cha Kurani. Kila mtoto anaijua: nta, rangi, gundi, chochote kinachozuia maji kufika kwenye ngozi lazima kitoke kwanza. Nilianza kukikwangua kwa ukucha. Nilikwangua mara mbili tatu, kisha mkono ukasimama wenyewe, na maji ya hodhi yakawa yanatiririka bure. Maji yapita juu yake, hayaigusi. Niligeuza kichwa nikalitazama tangi la nyoka.

Adhuhuri ile sikumbuki nilisoma nini. Tulipotoa salamu nilimfuata Mzee Khatibu mpaka kwenye jamvi la makonyo, nikachutama mbele yake, nikamweleza yote: Panza, debe, koti la kwanza, koti la pili la mapenzi. Alinisikiliza huku akipepeta. Nilipomaliza aliuweka ungo chini, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na anajitahidi asisikike ofisini.

"Umemvika nyoka koti," akasema. "Pemba hino, jua hili, umemvika koti. Mawili."

"Nisamehe, Mzee."

"Nshakusamehe, maana hukukusudia. Ila msamaha wangu hautoshi. Nenda kamwambie yule mwenye mwavuli."

Nilikwenda. Msiulize nilivyokwenda. Bwana Sefu alinisikiliza akiwa amesimama, na nilipofika kwenye koti la pili aliinua mkono.

"Wewe ni mwanafunzi wake," akasema. "Unampenda, unataka kumwokoa, na hilo ni jema. Lakini unataka niamini kwamba chokaa unene wa ukucha imekula theluthi ya mafuta yangu? Kesho utaniambia rangi ya ukuta imekula sukari."

"Bwana, naomba kesho nimkwangue nyoka mmoja tu. Wa kushoto. Wa kulia nimwache alivyo. Tutie makonyo sawasawa, moto mmoja, kisha uje uguse mwenyewe."

"Na ikiwa hakuna tofauti?"

"Tutaondoka wote wawili, mimi na yeye."

Hilo la "na yeye" sikuwa nimetumwa kulisema. Mzee Khatibu aliposikia nimemweka rehani bila kumuuliza, alisema tu kwamba naonekana nimezoea kupaka vitu bila ruhusa.

Alhamisi niliingia tangini jua linachomoza. Deheni iliyopikwa kwa mvuke siku kumi na zaidi si deheni tena, ni jiwe. Nilisugua kwa makumbi, nikasugua kwa kipande cha chuma butu, nikatumia ndimu zote, na mikono ikachubuka. Mzee Khatibu alikuwa amekatazwa kugusa mitambo, basi alikaa nje ya tangi na ungo wake, akanipa maelekezo kana kwamba anazungumza na makonyo. "Chini ya mkunjo wa tatu bado," yakaambiwa makonyo. "Sehemu ya nyuma mtu ameficha uvivu."

Na niwaambie jambo la haki: chini ya lile koti, shaba ilikuwa imetoka safi kabisa. Hakuna kutu, hakuna gamba hata moja. Deheni iliilinda shaba vizuri sana. Iliilinda hata isifanye kazi yake. Hili ndilo mlikumbuke mkiletewa dawa ya kupaka mabomba na mtu mwenye kibegi: usimuulize tu italinda miaka mingapi, muulize ina unene gani na moto unaipita vipi. Miaka michache baadaye tuliwapaka nyoka bati la kuyeyusha, jembamba kama utando wa maziwa, na lenyewe ni madini, moto unalipita bila kubisha hodi. Lile lilitusaidia na halikutudhuru. Tatizo si koti, tatizo ni koti gani.

Adhuhuri ilipopita mapipa yote mawili yalikuwa yanapumua. Bwana Sefu akaja, na nyuma yake watu wote wa kiwanda, na nyuma yao Bi Siti ambaye alikuwa amelala kwetu ili asikose. Mzee Khatibu alisimama mbali, amekunja mikono. Sijapata kumwona akiogopa, lakini siku ile nilimwona akiutazama mdomo wa nyoka wa kushoto na midomo yake ikienda bila sauti.

"Hapa kwanza, Bwana," nikasema, nikamwonyesha bomba la juu la tangi la kushoto. Akatia kidole kwenye maji yanayomwagika, akakitoa upesi. Maji yalikuwa moto. Nikampeleka tangi la kulia. Akatia kidole kwa hadhari, kisha akatia mkono mzima. Unaweza kumwogeshea mtoto.

"Haya, mdomo wa nyoka," nikasema.

Wa kushoto aliushika kwa kiganja, akauacha kiganja pale. Ulikuwa umepoa, na chini yake maji meupe kama tui yanadondoka chomboni, na mafuta yanazama moja kwa moja. Akanyoosha mkono kwenda wa kulia. Mzee Khatibu akafungua kinywa kumwonya, akakifunga tena. Bwana Sefu aliushika mdomo wa kulia kwa nguvu zile zile, akaruka nyuma, na mwavuli ukaanguka.

Akasimama akipuliza vidole, anatazama ule moshi mweupe unaopanda. Kisha akamwita Bi Siti.

"Bi mkubwa, hebu nusa huku na huku."

Bi Siti alinusa kushoto, akanusa kulia. "Huku hakuna kitu," akasema. "Huku ndiko wanakotiwa karafuu samaki wangu."

Bwana Sefu alitoa ufunguo mfukoni. Sifa yake moja, na naiandika kwa sababu ni haki yake, ni kwamba alipokosa hakutuma mtu. Alivuka uwanja wote mbele yetu, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha Mzee Khatibu kwa mkono ule ule uliounguzwa.

"Nimekukosea, Mzee Khatibu. Nimekukosea mbele ya watu, naomba radhi mbele ya watu. Na barua ya maelezo kwa wakubwa nitaiandika mimi."

"Yamekwisha, Bwana Sefu," Mzee Khatibu akasema. "Mkono huo katie asali."

Mimi sikufukuzwa. Sababu sikuambiwa, nami sikuuliza. Nilipewa tu adhabu ya kumkwangua nyoka wa kulia peke yangu, na nilimkwangua kwa siku mbili.

Alasiri ikaingia. Tulijipanga, na safari hii hapana aliyemsukuma Ali. Bwana Sefu ndiye aliyekwenda safu ya mwisho, akamshika Mzee Khatibu mkono, akamtembeza mpaka mbele, kisha yeye akasimama nyuma yake kabisa, bega kwa bega na wachochea kuni. Mzee Khatibu akatutazama, akasema tunyooshe safu, akaanza sala.

Alasiri husomwa kimya, mnajua. Imamu anasoma anachosoma na nyuma hapana anayesikia. Tulimaliza Fatiha zetu, tukasoma sura zetu fupi, tukasubiri ainame kwa rukuu. Rukuu haikuja. Tukasoma sura nyingine. Mzee Khatibu amesimama wima, mabega yametulia, hana haraka na mtu. Bwana Sefu alikuwa na goti bovu, kila mtu alilijua goti lile. Nilimwona anahamia mguu wa kulia, akarudi wa kushoto, akarudi wa kulia. Jasho likamshuka shingoni. Nadhani tulisimamishwa kwa Baqara, sura ndefu kuliko zote, au nusu yake, Mungu amsamehe Mzee wangu dhambi hiyo ndogo.

Mimi nilikuwa safu ya mwisho, pembeni, karibu na viatu. Mikono ilikuwa inaniwaka, miguu imekufa ganzi tangu tangini asubuhi, na mbele ya safu zote nilikuwa nauona mgongo ule mfupi mahali pake. Nilikuwa nalia bila sauti, na nilikuwa naomba asirukuu upesi.